Nguru ya Kibuye au shira nyeusi ya mkebe? Tathmini kwa waokaji wa keki ya tangawizi

Kwa keki nyeusi ya tangawizi, ile yenye viungo vizito na uso unaonata vidoleni, sukari nguru ya soko la Kibuye, Kisumu, inaweza kuchukua nafasi ya shira nyeusi ya mkebe kutoka Uingereza. Kilo moja inatosha keki tatu na kipande cha kuongeza utamu kwenye chai. Ila anayeitupa nguru kwenye bakuli mahali mapishi yalipoandika shira, gramu kwa gramu, atapata keki kavu, tamu kupita kiasi na iliyobonyea katikati. Kisha nguru ndiyo italaumiwa, ilhali kilichokosewa ni hesabu.

Nguru hapa ni ile ya miwa, ambayo wengine huiita sukari guru. Yule samaki abaki Pwani.

Shira nyeusi inayojulikana zaidi ni Lyle's Black Treacle, mkebe mwekundu wa gramu 454 wenye picha ya simba. Ni molasi ya daraja la chakula iliyochanganywa na shira ya sukari, nzito, nyeusi tititi, yenye uchungu kidogo nyuma ya utamu. Tatizo lake la kwanza ni upatikanaji. Katika maduka makubwa ya Kisumu unaweza kuikuta wiki hii, ukirudi wiki ijayo rafu ni tupu. La pili ni bei, kwa kuwa mkebe mmoja ukiununua unakuwa umelipia nguru ya keki kadhaa. Inaudhi zaidi ukikumbuka kwamba Miwani, mashariki tu ya mji huu, ndiko kilikojengwa kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, mwaka 1922. Miwa tumezungukwa nayo kutoka Muhoroni hadi Mumias, na bado tunasubiri mkebe kutoka London.

Hata hivyo mkebe una sifa zake na haifai kuzibeza. Haubadiliki. Mkebe wa leo na wa mwakani ni kitu kimoja, kwa hiyo mapishi yakishakubali mara moja yatakubali daima. Mwokaji anayeuza keki kwa oda, asiye na nafasi ya kuonja na kurekebisha kila mara, na mwenye wateja wanaolipa vizuri, abaki na mkebe. Hatutamshawishi.

Ili kujua nguru inapungukiwa na nini, lazima kwanza ujue shira inafanya kazi gani ndani ya keki. Utamu ni kazi ndogo kabisa. Shira ina maji, takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na maji hayo yamehesabiwa ndani ya mapishi. Shira ina uchachu, na uchachu huo ndio unaoiamsha beking soda itoe hewa ya kuinua keki. Tena sukari yake nyingi imekwisha kuvunjika kuwa zile sukari nyepesi zisizoganda, ambazo hushika unyevu na kuuvuta hata kutoka hewani. Ndiyo maana keki ya shira siku ya tatu ni laini kuliko siku ya kwanza. Mwisho kuna uchungu, ambao huizuia tangawizi isifunikwe na sukari.

Nguru ni maji ya miwa yaliyochemshwa kwenye karai kubwa wazi, moto ukichochewa kwa makapi ya miwa yale yale, mpaka yanakuwa mazito ya kumiminwa kwenye vyombo yagande. Viwanda vidogo vya kazi hii vimejaa upande wa Kakamega, hasa kuelekea Malava. Maji yaliyobaki ndani ni machache, mara nyingi chini ya asilimia 10. Sukari yake kwa sehemu kubwa ni ile ile ya kawaida inayoganda. Uchachu ni hafifu, kwa sababu wapishi wengi wa nguru hutia chokaa kusafisha maji ya miwa, na chokaa huua uchachu. Hapo utaona wazi kwamba nguru imeleta utamu, harufu na madini, ila imeacha nyumbani maji, uchachu na ule unyevu wa kudumu. Ukivirudisha hivyo vitatu, tofauti na mkebe inakuwa ndogo sana. Kwa harufu, nguru inashinda. Ina moshi kidogo, na kitu kama miwa iliyochomwa ambacho shira ya mkebe haina kabisa.

Maji na uchungu tunavirudisha kwa pamoja, kwa kuyeyushia nguru ndani ya chai ya rangi iliyokolea. Majani ya Kericho au Nandi, vijiko viwili vya chai kwa mililita 100 za maji, yachemke dakika tano, uchuje. Uchungu wa turungi hiyo ni wa aina ile ile inayohitajika, na hakuna atakayeonja chai ndani ya keki. Kahawa nayo inafaa, lakini inajitangaza. Uchachu unarudi kwa mala, yaani maziwa yaliyochachushwa, badala ya maziwa fresh. Unyevu wa kudumu unarudi kwa asali kidogo, gramu 40 tu, kwa kuwa asali ni sukari zisizoganda kwa kiasi kikubwa. Wapo wanaoshauri nguru ichemshwe na limau ili sukari ivunjike. Kweli huvunjika, lakini kwa kiwango usichoweza kukipima jikoni, kwa hiyo asali ni ya uhakika zaidi.

Sokoni utakutana na nguru za namna mbili au tatu, na hazilingani. Ile ya njano iliyopauka, mara nyingi imepakiwa vizuri kwenye maduka ya viungo mjini, ni safi, haina mchanga, inayeyuka haraka. Kwa kashata au mithai ni nzuri. Kwa keki hii ni bure; ladha yake ni kama sukari ya kawaida iliyovaa koti. Unayoitaka ni ya kahawia iliyoiva, karibu na rangi ya maharagwe mekundu, ngumu, inayovunjika kwa kishindo. Ivunje uangalie ndani. Ikimetameta kwa chembe ndogondogo ilipikwa ikaiva sawasawa. Ikivutika kama ulimbo, ilitolewa motoni mapema au imeshaanza kunyonya unyevu wa ziwa, na itakusumbua kwenye mizani kwa sababu utakuwa unapima maji. Nyeusi kabisa yenye harufu ya kuungua, iache. Uchungu wa kuungua haupoi ndani ya ovena.

Nusa pia. Sehemu kubwa ya nguru ya magharibi huishia kwa wapika pombe, na wao hawajali kama imeanza kuchacha, kwa hiyo muuzaji naye hajali. Harufu ya pombe au siki maana yake ni kwamba chachu zimeshaingia kazini. Kisha onja punje moja. Chumvi kidogo ni kawaida, lakini ikiwa chumvi inatangulia utamu, mwambie muuzaji asante na uende meza inayofuata. Kibuye, hasa Jumapili soko linapofurika, meza inayofuata haiko mbali.

Kuhusu molasi ya ng'ombe ya maduka ya agrovet, jibu ni hapana. Tunaitaja kwa sababu swali hili haliishi. Ni mabaki ya mwisho ya kiwanda cha sukari baada ya sukari yote inayoweza kutolewa kutolewa, chungu na yenye chumvi za madini nyingi. Haikuandaliwa, haikuhifadhiwa wala haikusafirishwa kama chakula cha binadamu. Jerikeni iliyobeba dawa ya kupe jana inaweza kubeba molasi leo. Hata kuichemsha hakuiokoi. Iache ikalainishe mabua ya mahindi zizini.

Sukari ya kahawia ya dukani? Keki itainuka vizuri, itapendeza, na itakuwa keki nyingine.

Sasa vipimo. Chombo ni cha mraba cha sentimita 20, kimo kisichopungua sentimita 5, kilichotandikwa karatasi ya kuokea mpaka juu ya kingo. Tumia mizani. Kikombe cha nguru iliyopondwa kinaweza kutofautiana na kingine kwa gramu 50, kutegemea ulivyoiponda. Unga wa ngano wa kawaida gramu 225, usio na hamira wala poda ndani yake. Nguru gramu 270, kisha uongeze gramu 10 za fidia ya takataka zitakazochujwa. Asali gramu 40. Siagi gramu 115; majarini inakubali, lakini soma pakiti, kwa sababu baadhi ya zinazopakwa kwenye mkate zina maji mengi kuliko unavyodhani, na zilizo chini ya asilimia 70 za mafuta hutoa keki ya mpira. Chai ya rangi mililita 70. Mala mililita 200, isiyo na ladha wala sukari. Yai moja kubwa. Beking soda robo tatu ya kijiko cha chai na beking poda nusu kijiko cha chai. Chumvi robo kijiko, kwa kuwa nguru imekuja na yake.

Viungo visionewe huruma. Tangawizi kavu ya unga kijiko kimoja cha mezani, na tangawizi mbichi iliyokunwa gramu 30. Zote mbili, kwa sababu kazi zao si moja. Tangawizi ikikaushwa, ule ukali wake hubadilika kuwa mwingine ulio mkali zaidi, unaochoma kooni na kubaki. Mbichi hutoa harufu ya limau puani, lakini ikipikwa ukali wake hupoa na kuwa mtamu. Ukitumia mbichi pekee utashangaa umeweka nyingi hivyo na keki haichomi. Mdalasini kijiko kimoja na nusu cha chai, karafuu robo, kungumanga robo, pilipili manga robo. Karafuu ikizidi hapo keki itanuka kama dawa ya meno. Chai masala ya pakiti inaweza kusimama badala ya vyote isipokuwa tangawizi, vijiko viwili vya chai, ila angalia isiwe ile iliyojaa iliki. Iliki na nguru huvutana kamba, na iliki hushinda.

Wenye ujasiri watoe gramu 50 za ngano waweke unga wa wimbi. Kule Yorkshire, Uingereza, keki ya jamii hii huitwa parkin na hutiwa unga wa oti (oatmeal), ambao huipa chembechembe na uzito. Wimbi hufanya kazi hiyo hiyo kwa harufu yetu wenyewe. Ikizidi gramu 60 keki huanza kumomonyoka, kwa kuwa wimbi halina gluteni, ule utando wa ngano wa kushikilia.

Kazi huanza na kuchuja, na hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi. Ponda nguru kwa mchi, itie kwenye sufuria na chai ya rangi, moto mdogo, ukoroge bila kuiacha ichemke kwa nguvu. Ikichemka sana maji yatapotea na utarudi pale pale pa nguru kavu. Baada ya dakika sita au saba mabonge yameisha. Mimina kwenye kitambaa chepesi cha pamba kilichotandikwa juu ya chujio. Angalia kinachobaki juu ya kitambaa: nyuzi za makapi fupi kama kucha, masizi, na chini kabisa, ukisugua kwa kidole, mchanga. Kwa nguru ya gramu 280 huwa takriban kijiko cha chai. Mchanga huo haupotei kwenye keki; jino la mgeni litaukuta.

Rudisha shira hiyo kwenye sufuria na siagi na asali, moto mdogo tena, mpaka siagi iyeyuke. Ondoa. Hapa subira ndiyo kiungo. Shira ikiwa ya moto na yai likaingia, utapata nyuzi nyeupe za yai la kuchemsha. Soda nayo ikikutana na shira ya moto na mala kwa pamoja hutoa hewa yake yote ndani ya bakuli, na keki inaingia ovenini ikiwa imeshamaliza pumzi. Kidole kikae ndani bila kukimbia, yaani kama nyuzi 40. Mchana wa Kisumu sufuria inaweza kuchukua nusu saa kufika hapo, kwa hiyo ikalishe kwenye beseni la maji baridi, koroga, dakika nane zinatosha.

Chekecha unga, soda, poda, chumvi na viungo kavu pamoja mara mbili. Mara mbili, kwa sababu soda hupenda kuganda, na bonge dogo kama punje ya mtama litaacha doa la kahawia lenye ladha ya sabuni. Tangawizi mbichi iingie kwenye shira iliyopoa, kisha yai lililopigwa, kisha mala. Tengeneza shimo katikati ya unga, mimina theluthi moja, koroga kutoka katikati hadi upate uji mzito usio na mabonge, halafu mimina iliyobaki. Ukishaona hakuna unga mkavu, acha. Unga wetu wa ngano una nguvu, umezoea chapati, na ukiupiga utajenga utando utakaoacha mahandaki marefu ndani ya keki.

Rojo litakuwa jepesi kama uji wa kunywa. Ndivyo linavyotakiwa liwe. Waokaji wazoefu wa keki ya siagi huogopa wakiona hivyo, wakaongeza unga, na hapo ndipo keki kavu huzaliwa.

Ovena iwe nyuzi 160, imeshapashwa moto robo saa. Mimina, gonga chombo mara moja mezani, ingiza mara moja. Dakika 50 hadi 55. Usifungue mlango kabla ya dakika 40. Kijiti kikitoka na punje mbili tatu za unyevu, ondoa. Kikitoka kikavu kabisa umechelewa kwa dakika tano. Ikiwa uso unaanza kuwa mweusi kwenye dakika ya 35, ovena yako inadanganya, na nyingi za umeme za mezani hudanganya kwa nyuzi 15 au 20 kwenda juu. Ifunike kwa karatasi ya foili baada ya dakika 40 na mara nyingine uanze na nyuzi 145 za mezani kwako.

Asiye na ovena atumie sufuria na mchanga, na keki hii inakubali kuliko keki nyingi kwa sababu haihitaji moto mkali. Sufuria kubwa yenye kifuniko kizito, mchanga uliooshwa na kukaushwa wa kina cha sentimita tatu, na juu yake kigoda cha bati au mawe matatu bapa ili chombo kisiguse mchanga. Chombo kiwe cha duara cha sentimita 22, maana cha mraba hakiruhusu joto kupita pembeni. Makaa theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Kabla ya kuweka keki, tia kijiko cha unga wa ngano kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria na ufunike. Baada ya dakika tano unga ukiwa na rangi ya chapati, joto linafaa. Ukiwa mweusi, ondoa makaa ya chini, usiguse ya juu. Kinachoharibu keki ya jiko ni moto wa chini, kwa kuwa sukari za asali na nguru huungua mapema kuliko sukari nyeupe, na ukoko mchungu wa chini hauna dawa isipokuwa kisu.

Vipimo hivi ni vya Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari. Kakamega hutahitaji kubadilisha kitu cha maana. Nakuru, mita 1,850, na Eldoret, mita 2,100, ni habari nyingine. Hewa kule ni nyepesi, povu la soda hutanuka kupita kiasi, keki hupanda kwa fahari kisha hukaa chini kabla haijaiva. Punguza soda iwe nusu kijiko na poda iwe robo, toa gramu 20 za nguru, ongeza vijiko viwili vya mezani vya mala, na pandisha ovena hadi nyuzi 170 ili ukuta wa keki ukamate mapema. Na wenye kipimajoto cha kuchoma keki wasisubiri nyuzi 98 zilizoandikwa kwenye mapishi ya Ulaya. Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Utasubiri hadi keki iwe tofali.

Keki iliyobonyea katikati ina maelezo mengi, lakini kwa nguru anza na haya. Soda iliyozidi ndiyo ya kwanza, na utaijua kwa rangi nyeusi isiyo ya kawaida na ladha ya sabuni. Chombo kidogo ni la pili. Rojo lisizidi nusu ya kimo. La tatu ni nguru yenye maji ambayo hukuigundua sokoni. Keki iliyopanda kama kilima na kupasuka imeokwa kwa moto mkali. Keki iliyo nzuri juu na yenye tabaka la ulimbo chini haikukorogwa vya kutosha, shira ikazama.

Kuna kosa moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilijui. Magadi ya kupikia mboga, yale mawe ya kijivu yanayolainisha mrenda na githeri, si beking soda, hata kama duka limeyaita hivyo. Nusu yake ni soda kali ya aina nyingine isiyotoa hewa inavyotakiwa, na hugeuza keki kuwa ya kijani-kahawia yenye utelezi. Munyu wa kienyeji unaochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe nao uachiwe mboga.

Keki ikitoka, iache ndani ya chombo mpaka ipoe kabisa, karibu saa mbili. Ya moto ni dhaifu na itakatika ukiinua. Ifunge na karatasi yake, kisha karatasi nyingine, kisha mfuko au kopo lenye kifuniko. Usiikate siku hiyo. Keki ya nguru iliyokatwa ikiwa changa ina tangawizi upande mmoja na utamu upande mwingine, kama wageni ambao hawajajuana. Baada ya siku mbili unyevu umesambaa, uso umeanza kunata, karafuu imeshuka. Kwa nguru, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Ya shira ya mkebe hufika kilele siku ya nne na kukaa hapo muda mrefu. Hili mkebe unashinda, na asali inapunguza pengo bila kulifuta.

Kwa joto na unyevu wa Kisumu usiiache nje zaidi ya siku tano. Kwenye friji inakuwa ngumu. Afadhali ukate vipande, uvigandishe kwenye friza, na utoe kimoja kimoja saa moja kabla ya chai. Kopo likae juu ya sahani yenye maji, kwa sababu sisimizi wa mji huu wanaitambua nguru kabla hujafunga mlango. Nguru iliyobaki nayo ifungwe kwenye gazeti kisha kopo lisilopitisha hewa, mbali na dirisha la upande wa ziwa. Ikianza kutoa jasho, iyeyushe siku hiyo hiyo na chai ya rangi kwa vipimo vya hapo juu, ichuje, uiweke chupani kwenye friji. Hukaa wiki mbili, na keki inayofuata itakukuta umeshamaliza kazi ya kitambaa.